Mwongozo kamili: kukusanya vito vya zamani vya fedha na enameli kutoka Norway na majirani zake

Kipepeo changu cha kwanza, yaani bruchi, lile pambo la pini la kubandika nguoni, nilikinunua kwenye gulio la mtumba la shule hapa Oslo, bluu imekolea kama bahari ya jioni, nikalipa bila hata kukigeuza. Nyumbani chini ya taa ndo nikaona kona ya bawa moja imejazwa rangi ya kucha. Yaani rangi ya kucha kabisa, ile ya dukani, imekaushwa vizuri na kulinganishwa rangi, mtu alikaa chini akaifanya hiyo kazi kwa utulivu. Tangu siku hiyo nina sheria moja tu kubwa na mengine yote nitakayosema hapa yanaizunguka hiyo: geuza kwanza, penda baadaye.

Tunaongelea nini hasa

Zile sahani na vikombe vya enameli vya bibi, vyeupe vyenye ukingo wa bluu, ukiangusha kinameguka kipande na chini unaona cheusi, si unavijua? Basi enameli ya vito ni kitu kile kile. Ni kioo kilichosagwa unga, kinapakwa juu ya chuma halafu kinaingia kwenye tanuru mpaka kinayeyuka na kushikana na chuma. Tofauti ni kwamba huku chini yake ni fedha, na fedha ya 925 (sehemu 925 kwa elfu ni fedha, ndo wanaiita sterling) inaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800 tu, wakati kioo nacho kinataka joto la mia saba na kitu kupanda, kwa hiyo fundi anafanya kazi kwenye nafasi nyembamba sana, akizembea kidogo anatoa bonge badala ya kipepeo.

Nimeanza na hili kwa sababu ndo linaloeleza bei. Enameli ikishameguka haizibwi kama ukuta wa chokaa. Kuirudishia kihalali inabidi kito chote kirudi kwenye moto, pini itolewe, dhahabu iliyopakwa juu iharibike na ipakwe upya, na mafundi wa kufanya hiyo kazi ni wachache na wanadai pesa kuliko thamani ya kito chenyewe. Ndo maana watu wanaziba na rangi ya kucha.

Aina utakazokutana nazo ni tatu hivi. Ya kwanza ndo nyingi kuliko zote, enameli inayoonyesha kwa chini: fedha imechongwa kwa mashine mistari ya mawimbi au miale, halafu juu yake kioo chenye rangi kinachopitisha mwanga, ukikizungusha mkononi mistari inacheza kama maji. Wauzaji wanaiita guilloché. Ya pili ni ile nzito isiyopitisha mwanga, nyeupe mara nyingi, kama maua ya Denmark nitakayoyasema. Ya tatu ndo malkia, mimi naiita enameli ya dirisha: haina chuma nyuma kabisa, kioo kimeshikiliwa na nyaya za fedha pembeni tu, ukiinyanyua kwenye mwanga inawaka kama madirisha ya kanisa. Kwenye mnada tafuta jina plique-à-jour. Nzuri mno na dhaifu mno. Kama ndo unaanza, usianze nayo.

Majina ya kujua

Norway ndo nchi ya enameli, hakuna ubishi. David-Andersen wa Oslo, nyumba iliyoanza 1876 wakati mji bado unaitwa Christiania, ndo jina utakalolikuta kila kona: majani, vipepeo, mikufu, hereni za kubana, nyingi za miaka ya 1950 na 60 zimepigwa mhuri NORWAY STERLING kwa Kiingereza kwa sababu soko lilikuwa watalii na kuuza nje. Zamani zaidi pale alikuwepo Gustav Gaudernack, mzaliwa wa Bohemia, aliyefanya kazi hapo kuanzia 1892 mpaka alipofungua karakana yake 1910, na ile enameli ya dirisha ya kwake siku hizi unaiangalia makumbusho tu, kuinunua sahau. Kisha J. Tostrup, wakongwe zaidi, 1832. Kwenye familia hiyo ndo alitoka Grete Prytz Kittelsen (1917 hadi 2010), ambaye kwangu mimi ni mkubwa kuliko wote, maumbo yake hayana maua maua wala vipepeo, ni mviringo na rangi tu na inatosha.

Nitoke nje kidogo: yale mabakuli ya chuma ya kiwanda cha Cathrineholm yenye petali petali ambayo watu wanayagombania siku hizi, umbo la mabakuli mengi ni la Grete ila lile pambo la petali alichora Arne Clausen. Muuzaji akikuambia petali ni za Grete, tabasamu na uendelee na bei.

Bergen kuna Marius Hammer, ilianza 1871, mhuri wake ni herufi M imepitiwa na nyundo, rahisi kuukumbuka kwa sababu hammer ni nyundo kwao pia. Vijiko vya ukumbusho na vito vidogo. Halafu kuna wale ambao mimi nawaita benchi la pili, japo kazi zao nyingine ni safi kabisa: Aksel Holmsen wa Sandefjord, Hroar Prydz, Ivar T. Holth, Finn Jensen, Øystein Balle, Albert Scharning. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo hapa ndo pa kuanzia. Jina halijapandisha bei, ufundi upo, na kipepeo cha Prydz kizima bila doa ni bora mara kumi kuliko David-Andersen aliyeliwa ukingo.

Denmark wana ua lao, ua jeupe lenye kitovu cha njano. A. Michelsen wa Copenhagen walilitoa 1940, mwaka aliozaliwa binti mfalme Margrethe, yule aliyekuja kuwa malkia 1972 mpaka alipoachia kiti 2024. Ni fedha iliyopakwa dhahabu na petali za enameli nyeupe, saizi mbalimbali, na linatengenezwa mpaka leo chini ya jina la Georg Jensen, so ukitaka la zamani soma mhuri usisikilize hadithi. Volmer Bahner, mhuri VB, na Meka ni Wadenmark wa bei rafiki. Georg Jensen mwenyewe anajulikana zaidi kwa fedha tupu, enameli zake si nyingi, zile za Henning Koppel ni za watu wenye pesa zao. Uswidi nitapita haraka: fedha yao ya kipindi hicho ni nzuri sana ila uzito wake haupo kwenye enameli.

Kusoma mgongo

Nunua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Si mara 60 zile za mtandaoni za elfu mbili mbili, uongo mtupu, mara 10 inatosha.

Norway na Denmark utaona 830S au 925S. Hiyo S ni ya sølv, yaani fedha, na namba ni sehemu kwa elfu, kwa hiyo 830 ni asilimia 83 fedha na iliyobaki karibu yote shaba. Usidharau 830, kilikuwa ndo kiwango cha kawaida kwa miaka mingi tangu miaka ya 1890 na vito vingi vizuri vya kabla ya vita ni 830. Sheria ya mkono wangu, si ya maandishi: 830S bila neno Norway mara nyingi kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa hapa au ni cha zamani kidogo, 925S pamoja na maneno ya Kiingereza mara nyingi ni baada ya vita. Vya Denmark vya zamani vinaweza kuwa na minara mitatu, alama ya Copenhagen, na mwaka chini yake, raha tupu.

Waswidi ndo walipanga vizuri kuliko wote, sijui kwa nini wengine hawakuiga. Mataji matatu kwenye umbo la unyayo wa paka, herufi S, na msimbo wa mwaka wa herufi na namba: A8 ni 1927, A9 ni 1951, A10 ni 1975. Ukiona hiyo huna haja ya kubahatisha umri.

Maneno ya kukimbia, au angalau kulipa kidogo: alpacca, nysilver, EPNS, plet. Hayo yote si fedha, ni aloi ya nikeli au kitu kilichochovywa. Inawezekana enameli yake ni nzuri tu na ukakipenda, poa, ila lipa bei ya urembo, usilipe bei ya fedha.

Kitu kisicho na mhuri kabisa? Mimi siachi papo hapo, nauliza kwanza kama pini imebadilishwa au kuna sehemu imesuguliwa, maana mhuri wakati mwingine ulikuwa palepale fundi alipokuja kuunga. Ila kwa mnunuzi mpya jibu ni fupi: rudisha mezani.

Ukaguzi, hapa usiwe na haraka

Kishike kwa kingo. Kigeuze. Angalia mhuri, halafu pini: inanyooka, inaingia kwenye kufuli lake na kufuli linazunguka na kubaki limefunga? Sasa tafuta madonge ya kijivu yasiyong'aa kwenye bawaba ya pini. Hiyo ni risasi, mtu aliunga kienyeji kwa sababu alijua moto wa kuungia fedha ungepasua enameli. Kito kinavalika, ila bei ishuke nusu na usione aibu kusema.

Ndo sasa geuza mbele. Usikiangalie moja kwa moja, kilaze karibu usawa wa jicho mwanga ukitoka pembeni, uso wa kioo uwe kama maji yaliyotulia. Ukiona sehemu imebonyea, au imevimba, au inang'aa tofauti na jirani yake, simama hapo hapo na lenzi. Kingo za mabawa na ncha za majani ndo zinagonga vitu, anzia huko. Nyufa za unywele zinajificha kwenye rangi nyeusi na bluu nzito, zungusha taratibu mpaka mstari mmoja ukatize ile mistari ya mashine kwa pembe isiyo yake. Kito kilichowahi kukunjika na kunyooshwa karibu lazima kitakuwa nazo.

Kugundua kiraka kuna njia nyingi na hakuna hata moja ya uhakika peke yake. Kioo ni cha baridi kwenye mdomo wa juu au shavuni, plastiki inapata joto haraka. Kioo ukikigonga kwa ukucha kinatoa mlio mkavu, kiraka kinatoa mlio mzito uliokufa. Tochi ya mwanga wa zambarau, zile za kukagulia noti, inafanya gundi na rangi nyingi za kisasa ziwake tofauti na kioo kilichozunguka, na kama hauna tochi angalia mapovu: enameli nayo inaweza kuwa na vitundu vidogo vidogo vya tanuru, ila vya kiraka ni vikubwa na viko sehemu moja tu. Kuna watu wanashauri sindano ya moto. Ukifanya hivyo kwenye meza ya mtu utafukuzwa na utakuwa umestahili.

Mikufu na bangili za majani, hesabu. Serious, hesabu majani pande zote mbili za katikati, watu wanatoa lililovunjika na kuunga mkufu upya, unafika nyumbani haukutoshi shingo na hujui kwa nini. Linganisha na rangi pia, jani moja likiwa la kijani kingine limetoka kwenye mkufu mwingine.

Kile kipepeo changu cha rangi ya kucha, nilifuta kwa asetoni kwenye pamba, ikatoka yote, nikabaki na bawa lenye pengo la kweli. Na ndo nakitumia kumfundishia yeyote anayekuja kwangu kutaka kujua pengo linafananaje, hakiuzwi.

Wapi pa kupata

Kama uko huku, na Waswahili tupo wengi tu, Watanzania, Wakenya, na ndugu zetu Wakongo waliotawanywa kwenye miji midogo ambako kwa kweli mtumba ni mzuri kuliko Oslo, basi nenda loppemarked. Hizi ni gulio za wikendi, shule nyingi zinafanya ili bendi ya watoto ipate hela ya vyombo. Meza ya vito ina foleni kabla milango haijafunguliwa, kuna mabibi wanakuja na lenzi shingoni, usiwachukulie poa. Maduka ya mtumba ya Fretex nayo, japo siku hizi vizuri wanavitenga kwenye kabati la kioo na bei imechangamka.

Mtandaoni Norway ni Finn.no, Uswidi Tradera, Denmark mnada wa Bruun Rasmussen kwa vya juu. Tafuta kwa lugha yao: emalje na sølv na brosje kwa Kinorway, emalj na silver na brosch kwa Kiswidi, broche kwa Kidenmark. Ila siri ni kutafuta maneno ya mtu asiyejua anauza nini. Andika brosje fra bestemor, yaani bruchi ya bibi, au sommerfugl ambayo ni kipepeo, upitie picha mbovu mbovu moja moja. Mimi vipepeo vyangu vingi nimelipa kati ya krona 200 na 700, na cha bei ya chini kabisa kilikuwa kwenye picha imepigwa juu ya zulia lenye ukungu na neno fedha halikuandikwa popote.

Kama uko Dar au Nairobi au Muscat, utanunua kwa wauzaji wanaotuma nje, eBay na Etsy. Omba picha nne: mbele, nyuma, mhuri kwa karibu, na moja kito kimelazwa pembeni ya dirisha. Uliza swali kwa maneno haya haya, je kuna mahali popote enameli imemeguka, imepasuka au imejazwa, maana "hali nzuri kwa umri wake" haimaanishi chochote na ukija kudai hela jibu lake la maandishi ndo litakutetea. Mwambie afunge kito kwenye kisanduku kigumu si bahasha. Na kabla hujalipa piga hesabu ya ushuru wa nchini kwako, muulize wakala, usije ukashangaa kaunta.

Bei isipimwe kwa gramu. Sonara wa mtaani atakiweka kwenye mizani akuambie hii fedha ya shilingi ngapi tu, na kwa hesabu yake yuko sahihi, kipepeo ni gramu chache. Wewe unalipia kile kioo na ule mkono.

Ukishakuwa nacho

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, suuza, kausha kwa kitambaa papo hapo. Basi. Usikichovye kwenye dawa ya kung'arisha fedha, usikitie kwenye ile mashine ya mtetemo ya kusafishia vito, inaachanisha kioo kilichokuwa na ufa usioonekana. Majivu, ndimu na dawa ya meno tuliyofundishwa kwa bangili za fedha za nyumbani, hapa hapana kabisa. Vingi vimepakwa dhahabu nyembamba, ukisugua mara tatu imeisha.

Na pini ikikatika usimpelekee sonara mwenye tochi ya gesi hata kama ni mjomba wako na ana mkono wa dhahabu. Moto ukifika kwenye kioo kinapasuka paap. Aunge kwa leza au aache.

Pwani kuna shida yake: hewa ya chumvi na unyevu inafanya fedha iwe nyeusi haraka. Weka kila kimoja kwenye kimfuko chake cha pamba, halafu kwenye boksi lenye vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, ubadilishe kila vikilowa. Usitumie mpira wa kufungia hela, una salfa na utaacha mstari mweusi. Manukato, mafuta na udi kwanza, vaa kito mwisho.

Kuvaa bruchi kwenye mtandio mwepesi inainama na kuvuta uzi, weka kipande kidogo cha kitambaa kizito kwa nyuma upitishe pini kwenye vyote viwili. Kwenye koti au baibui nene haina shida. Hereni za zamani nyingi ni za kubana, kama una masikio yaliyotobolewa usizibadilishe, thamani inapotea, zizoee tu, zinauma saa moja ya kwanza.

Daftari lako liwe na mstari mmoja kwa kila kito: tarehe, wapi, bei, mhuri ulivyosomeka, kasoro zote hata ndogo, na picha mbili, mbele na nyuma. Kasoro andika siku ile ile ya kununua. Ukisubiri mwezi, jicho litakuwa limeshakizoea na hutaiona tena.